Kwinteti ya klarineti: London, Vienna, New York na Chicago mwezi Januari. Nianzie wapi?

Mratibu_wa_Ziara

Wakuu, habari za kazi.

Naratibu ziara ya kwateti ya nyuzi yenye makazi yake Berlin, pamoja na mpiga klarineti wa kualikwa. Jumla ni watu watano: fidla mbili, viola, sello na klarineti. Programu ni kwateti moja ya Haydn, kisha Kwinteti ya Klarineti ya Mozart (KV 581), mapumziko, halafu ya Brahms (Op. 115). Tunaanza London wiki ya pili ya Januari, tunakwenda Vienna, New York na kumalizia Chicago, yote ndani ya siku 16. Sasa ni Aprili, kwa hiyo nina miezi tisa.

Hofu yangu kubwa ni ala. Upinde mmoja wa fidla ni wa zamani na ncha yake ina kibati cha pembe ya ndovu. Upinde wa viola una kitako cha gamba la ng'amba (aina ya kasa), pale singa, yaani nywele za upinde, zinapokazwa. Klarineti ni ya mpingo, nami nimesikia mpingo umo kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa. Shirika la ndege limenijibu kwamba sello inaweza kushuka mizigoni mradi iwe kwenye kasha gumu. Je, niwakubalie?

Halafu kuna watu wenyewe. Mpiga viola ana pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Ujerumani. Wengine wanne ni Wajerumani. Viza za kupiga muziki kwa malipo nizishughulikie lini, na kodi hukatwa kiasi gani kule tunakokwenda? Naomba majibu ya vitendo.

---

Singa_na_Gundi

Mkuu, anza na pinde, leo hii. Tiketi utazipata hata Septemba. Karatasi za ndovu na ng'amba ukizianza Septemba umechelewa.

Ng'amba, na ndovu karibu wote, wako Kiambatisho cha I (orodha kali kuliko zote) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kibati chembamba kuliko ukucha kinahesabiwa kama pembe. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, safari ya Berlin hadi London nayo ikawa kuvuka mpaka wa CITES. Njia halali ni Cheti cha Ala ya Muziki. Kwa Ujerumani kinatolewa na Bundesamt für Naturschutz, idara ya serikali ya uhifadhi wa mazingira, na hudumu hadi miaka mitatu. Ni kwa ajili ya safari za kupiga, yaani huruhusiwi kuuza upinde huo ukiwa nje. Maombi yanataka uthibitisho wa umri wa upinde, picha za ncha, kitako na alama ya fundi, pamoja na majina ya Kilatini ya kila mnyama na kila mti uliotumika. Kwa Marekani, pembe iwe ilitolewa porini kabla ya tarehe 26 Februari 1976, nawe uwe na cha kuonyesha.

Ukishakipata, kazi haijaisha. Cheti lazima kigongwe mhuri kila unapotoka na kila unapoingia, na mihuri haigongwi kila mahali. Marekani ina bandari na viwanja maalumu vya kuingizia bidhaa za wanyamapori. New York na Chicago vimo, na huko unajaza Fomu 3-177 na kuwaarifu wakaguzi mapema kabla ya kutua. Kwa upande wa Uingereza, hakikisha kituo unachoingilia kimeorodheshwa, hasa ukifikiria kwenda kwa treni. Cheti kisichogongwa mhuri London kitakukwamisha Vienna, kwa sababu ofisa wa pili anatafuta mhuri wa wa kwanza.

Sasa ushauri wangu, nami nausisitiza: pinde hizo mbili, jinsi zilivyo sasa, zibaki Berlin. Wa ng'amba usiubishanie kabisa, maana Marekani ina sheria yake ya viumbe walio hatarini juu ya CITES. Wa fidla una njia mbili: aidha mpigaji achukue upinde wake wa pili, au fundi abandue kibati cha pembe na kuweka cha mfupa wa ng'ombe au cha fedha. Akiweka mfupa, atoe barua yenye tarehe, sahihi na picha ya karibu inayosema ni mfupa. Mfupa na pembe vinafanana mno kwa macho ya ofisa wa zamu ya usiku, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kabla ya kubandua, muulize mwenye upinde na mwenye bima. Kwa upinde wa thamani kubwa, kibati cha asili ni sehemu ya thamani yenyewe.

Kagua pia pale kidole gumba kinaposhika. Ngozi ya kenge imetumika sana hapo, na uzi mweusi na mweupe uliozungushwa kwenye pinde za zamani unaweza kuwa ufumwele mgumu wa mdomoni mwa nyangumi. Vyote viwili vinabadilishwa kwa ngozi ya mbuzi na uzi wa fedha, kazi isiyozidi saa moja.

Mti wa pernambuko, ambao pinde nzuri hutengenezwa nao, uliorodheshwa mwaka 2007, lakini mwanamuziki anayesafiri na upinde wake uliokamilika haombi kibali kwa ajili ya mti huo. Orodhesha tu kwenye karatasi zako.

---

Bareli_64

Naongezea upande wa klarineti, kwa kuwa lugha yetu wenyewe inatuchanganya hapa. Sisi tunaita mpingo kila mti mweusi. Klarineti ni Dalbergia melanoxylon, mpingo wetu hasa wa Lindi, Kilwa na kaskazini ya Msumbiji. Ubao mweusi wa vidole kwenye fidla na sello kwa kawaida ni Diospyros, mti wa ukoo mwingine kabisa. Kwenye orodha ya ala andika majina ya Kilatini, kila kipande na lake. Ukiandika "mpingo" kwa vyote, au ukatafsiri kiholela, umejitengenezea maswali.

Dalbergia zote ziliingia Kiambatisho cha II (orodha yenye masharti mepesi zaidi) Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu wapiga klarineti walihangaika. Mkutano wa Geneva wa 2019 ukaziondoa ala zilizokamilika, vipande vyake na vifaa vyake. Kwa hiyo klarineti yako haihitaji kibali. Isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazil, ambayo iko Kiambatisho cha I. Hiyo utaikuta zaidi kwenye magitaa ya zamani.

Hatari ya mpingo Januari ni ufa. Mpigaji anapuliza pumzi ya moto yenye unyevu, ndani ya bomba mti unavimba, nje umebanwa na hewa kavu ya baridi. Mti mgumu kama huu haunyumbuki, unapasuka, na mara nyingi ufa huanzia kipande cha juu, kwenye matundu ya treli (ya kupishanisha noti mbili haraka) yaliyo karibu na bareli, kile kipande kifupi chini ya kinywa cha ala. Kipimo rahisi cha kila asubuhi: jaribu kuzungusha pete za chuma kwenye maungio. Zikizunguka bure, mti umesinyaa. Weka kwenye kasha pakiti za unyevu za asilimia 49, mbili. Maganda ya chungwa, ambayo wazee wengi bado wanayasifu, yanaleta ukungu na hayadhibiti kitu.

Usipulize ala ya baridi. Toka nje uingie ukumbini, kasha likae limefungwa angalau saa moja, kisha kipande cha juu kipashwe kwa mikono au chini ya koti dakika kumi. Pangusa ndani kwa kitambaa kila sehemu ya wimbo inapoisha, usingoje mapumziko.

Jambo moja la programu yako: Haydn itachukua dakika 20 hivi, na muda wote huo klarineti inapoa nyuma ya jukwaa. Klarineti ikipoa nyuzi joto tano inashuka zaidi ya senti kumi (senti mia ni nusu toni), na Mozart inaanza na nyuzi peke yao zikiwa zimeshajipanga juu. Mpe mpigaji chumba chenye joto lile lile la jukwaa, au anzeni na Mozart. Kuhusu sauti ya A: Berlin na Vienna wamezoea mitetemo 443 kwa sekunde, London 440, Marekani 440 hadi 442. Kwenu hakuna piano, kwa hiyo msifuate ukumbi. Chagueni 442 mfanye ndiyo yenu ziara nzima, na klarineti iliyopata moto ndiyo itoe A. Abebe bareli mbili, ya milimita 65 na ya 64. Kazi zote mbili ni za klarineti ya A. Ya B-flati ibebwe tu kama wimbo wa nyongeza unaihitaji.

Kisu cha kuchongea ndimi za tete kiende mizigoni. Kwenye viwanja vya Marekani, kikiwa kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa, hata kiwe kidogo vipi.

---

Dirisha_18A

Swali la sello: usikubali. Kasha gumu linazuia mikwaruzo na mgandamizo. Linapoangushwa kutoka kwenye mkanda wa mizigo, mshtuko unapita kasha na kufika shingoni, pale inapoungana na mwili. Huko ndiko sello za mizigoni huvunjikia.

Kata tiketi ya kiti. Usikate mtandaoni, piga simu, maana jina la "abiria" wa pili, yaani sello, linaandikwa kwa alama ya mzigo wa kabini (CBBG), na tovuti nyingi hazina nafasi ya kuliandika. Mambo ya kumwambia mhudumu wa simu, na kumtaka akutumie kwa barua pepe: kasha lina urefu wa sentimita zipatazo 130 (pimeni lenu, na upana na kina pia), uzito kilo 7 hadi 8 pamoja na sello, kiti cha dirishani, si mlango wa dharura, na mkanda wa nyongeza wa kulifungia. Sello na mpigaji wawe kwenye nambari moja ya tiketi. Ndege ikiahirishwa na nambari ni mbili, mfumo unawapanga upya kila mmoja kivyake.

Epuka safari inayouzwa na shirika moja na kurushwa na jingine, kwa sababu aliyekuuzia si yeye anayeamua mlangoni. Na kila kipande cha safari hakikisha karatasi ya kupandia ya sello inapigwa skana. Isipopigwa, mfumo unamwona "abiria" huyo hakutokea na unafuta viti vyake vyote vilivyobaki hadi Berlin. Hili huwanasa hata wazoefu.

Kwa mashirika ya Marekani, kanuni ya 2015 inawalazimu kupokea ala ndogo kabini kama nafasi ipo wakati wa kupanda, na ala kubwa kwenye kiti kilicholipiwa, mradi uzito wake usizidi pauni 165 (kama kilo 75). Neno ni "kama nafasi ipo". Kwa hiyo fidla na viola walipie kupanda mapema. Kasha la fidla la mstatili lina urefu wa karibu sentimita 80, limezidi kipimo cha kawaida cha sentimita 55, na mhudumu wa mwisho mlangoni ana haki ya kulikataa kwenye mashirika mengi ya Ulaya. Kasha jembamba lenye umbo la fidla linapita kwa urahisi zaidi.

---

Singa_na_Gundi

Ukame sasa. Hewa ya nyuzi joto 0 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiileta ndani na kuipasha hadi nyuzi joto 22 inabaki na karibu asilimia 20 tu. Ndivyo vyumba vya hoteli vya Chicago vinavyokuwa Januari, na kabini ya ndege huenda chini ya hapo. Ala zinataka 40 hadi 60.

Utakachokiona kwa mpangilio: vigingi vinateleza na nyuzi kulegea, nyuzi zinashuka karibu na ubao wa vidole na kuanza kuzuzuma, kisha maungio ya pembeni yanaachia. Maungio yakiachia usiogope. Gundi ya ngozi imewekwa dhaifu makusudi ili iachie yenyewe kabla mbao hazijapasuka. Fundi anarudisha kwa nusu saa. Gonga ukingo wa ala kwa kifundo cha kidole kila siku, pakitoa mlio wa kupwaya ndipo palipoachia. Gundi ya dukani isiguse hapo hata kwa dharura.

Kwa sello, fundi achonge daraja (kibao kinachoinua nyuzi) la msimu wa baridi, refu kidogo kuliko la kiangazi, Desemba kabla ya kuondoka. Singa za pinde zibadilishwe wakati huo huo na ziachwe ndefu kiasi, kwa kuwa hewa kavu inazifupisha. Upinde usioweza kulegezwa kabisa unapindika. Nyuzi mpya zifungwe siku tano kabla ya London, mmoja mmoja, usivue zote kwa pamoja, maana kijiti cha ndani kinachobeba sauti kinashikiliwa na mkazo huo tu.

Hotelini, taulo lililolowa kwenye reli ya bafu na mlango wazi linasaidia kidogo. Mashine ndogo ya unyevu ni bora. Kipimo cha unyevu kiwe ndani ya kila kasha.

---

Dirisha_18A

Hapo kwenye mkazo, wengi wanashauri kulegeza nyuzi zote kabla ya kuruka. Wewe unasemaje?

---

Singa_na_Gundi

Kwa ala iliyo kabini, napinga. Legeza nusu toni, basi. Ukizidisha, daraja linainama na kijiti kinaanguka, na hakuna anayeweza kukisimamisha bila zana. Upinde ndio ulegezwe kabisa, kila mara.

---

Risiti_Mkononi

Viza na kodi, kwa kifupi nitakavyoweza.

Marekani ndiyo ndefu kuliko zote. Ruhusa ya ESTA, ile ya mtandaoni ya kuingia bila viza waliyonayo Wajerumani, haifai kwa onyesho la kulipwa, kwa hiyo wote watano wanahitaji viza ya P-1B, ya kikundi kinachotambulika kimataifa. Ombi (Fomu I-129) hupelekwa na mwajiri au wakala aliye Marekani, likiambatana na barua ya maoni ya chama cha wanamuziki, mikataba, ratiba na ushahidi wa sifa ya kikundi. Sharti linalowaangusha wengi: asilimia 75 ya wanakikundi wawe wamekuwa pamoja angalau mwaka mmoja. Ninyi ni wanne wa zamani kati ya watano, yaani asilimia 80, mgeni wenu anapita. Mkibadilisha mpigaji mmoja wa kwateti katikati ya mwaka, mnashuka hadi 60 na ombi linakwama. Ombi linaweza kupelekwa hadi mwaka mmoja kabla ya onyesho, hivyo lianze sasa. Likikubaliwa ndipo kila mtu anakwenda kwenye mahojiano ubalozini. Nafasi hizo ziwekwe siku hiyo hiyo, na pasipoti ya mpiga viola isiwe imepelekwa Uingereza wakati huo.

Uingereza: onyesho moja la kualikwa linaingia chini ya shughuli ya kulipwa inayoruhusiwa kwa mgeni wa kawaida, mradi imepangwa kabla ya safari, mwaliko umetoka kwa taasisi ya huko, na inafanyika ndani ya siku 30 za mwanzo. Mpiga viola aombe viza ya mgeni kabla, akieleza shughuli hiyo waziwazi kwenye maombi. Wajerumani nao tangu Aprili 2025 wanahitaji ETA, kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni. Vienna atafika kwa kibali chake cha Ujerumani, lakini kufika ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Waandalizi wa Vienna wathibitishe kwa maandishi haki yake ya kupiga kwa malipo.

Kodi ya zuio: Uingereza 20%, Marekani 30%, na zote hukatwa kwenye malipo ghafi. Ukisaini mkataba kabla ya kulijua hilo, nauli ya sello unailipa mfukoni. Uingereza unaweza kuomba makato madogo mapema ukionyesha gharama. Marekani kuna makubaliano ya makato ya pamoja, Fomu 13930, ipelekwe angalau siku 45 kabla ya onyesho la kwanza. Mkataba wa Ujerumani na Marekani unamsamehe msanii ambaye mapato yake huko kwa mwaka, pamoja na gharama alizorudishiwa, hayazidi dola 20,000. Hata hivyo ukumbi mara nyingi utakata kwanza, kwa kuwa jumla ya mwaka haijajulikana, nanyi mtadai kwa Fomu 1040-NR. Kila mmoja atunze hati ya makato yake. Hati moja ya kikundi kizima haimsaidii mtu binafsi.

---

Mratibu_wa_Ziara

Asanteni sana. Nimeshaongea na wapigaji wawili, pinde za ndovu na ng'amba zinabaki. Swali la mwisho: je, ATA Carnet (hati ya forodha ya kuingiza vitu kwa muda bila ushuru) ni lazima kwa ala tunazobeba mkononi?

---

Risiti_Mkononi

Si lazima kwa London wala Vienna. Ala inayobebeka, ikisafiri na mwenyewe, inaweza kupita kwa uagizaji wa muda bila fomu. Carnet ina maana zaidi kwa vitu vinavyotumwa kama shehena, au kwa ala ya thamani kubwa sana ambayo mmiliki wake ni mfuko wa kitaasisi au benki. Kwa Ujerumani inatolewa na chama cha biashara na viwanda cha eneo lenu, hudumu mwaka mmoja, na inataka mhuri kila mpaka. Karatasi isiyogongwa mhuri wakati wa kutoka inaweza kukuletea madai ya ushuru miezi kadhaa baadaye.

Mnachohitaji bila kukosa ni uthibitisho wa kurudi. Agosti 2012 forodha ya uwanja wa Frankfurt ilizuia fidla ya Guarneri ya mwaka 1741 iliyokuwa mikononi mwa mpigaji wake, kisa karatasi. Kila mmoja awe na bahasha yenye picha za ala mbele, nyuma na kichwani, risiti au hati ya mkopo wa ala, barua ya bima yenye thamani iliyokubaliwa, na barua ya fundi kuhusu malighafi iliyotumika. Nakala ya pili ikae kwako. Bima yenyewe isome kifungu cha gari: nyingi hazilipi ala iliyoachwa ndani ya gari bila mtu, hata dakika tano za kujaza mafuta. Pinde ziorodheshwe kivyake, na uhakikishe inalipa kushuka kwa thamani baada ya ukarabati, si ukarabati peke yake.

---

Bareli_64

Na kwenye barua ya jukwaa kwa kumbi zote nne andika: viti vitano visivyo na mikono wala magurudumu, sehemu ya kukalia iwe bapa, cha sello kiwe benchi ya piano inayopanda na kushuka. Stendi nzito tano na moja ya akiba. Uliza kama sakafu inaruhusu ncha ya sello kutoboa. Kama hairuhusu, waseme mapema ili mpigaji abebe ubao wake. Klarineti ikae mkono wa kulia wa jukwaa kwa watazamaji, mkabala na fidla ya kwanza, ila kengele ya ala isielekee moja kwa moja kwenye ukuta wa karibu. Taa ziwashwe nusu saa kabla ya mazoezi, kwa sababu joto lake linashusha nyuzi na kupandisha klarineti kwa wakati mmoja, na ni afadhali mlikute hilo mazoezini.